Steve Hackett: mapya kwanza, Genesis baada ya mapumziko. Shabiki anatendewa haki?

Mpapaso

Wakuu, heshima kwenu.

Najua wengi humu wakisikia jina Genesis, ile bendi ya roki ya Uingereza, wanamkumbuka Phil Collins na zile nyimbo za mapenzi ambazo redio zetu hazijachoka kuzipiga Jumapili mchana. Hiyo Genesis ya miaka ya 80 naiheshimu, ila uzi huu hauihusu. Nataka tumjadili mpiga gitaa la solo wao wa zamani, Steve Hackett, aliyeingia bendini mwanzoni mwa 1971 akatoka 1977, kabla hata hizo nyimbo za redio hazijatungwa. Mzee alitimiza miaka 75 Februari 2025 na bado anazunguka na bendi yake kama kijana anayetafuta jina.

Kilichonifanya niandike ni rekodi ya shoo yake ya Royal Albert Hall, London, ya Oktoba 2024. Imetoka 2025 kwa jina The Lamb Stands Up. Nimeitazama yote, na kuna jambo naona tulichambue, hasa sisi tunaopenda muziki wa jukwaani.

Angalia alivyoupanga usiku wake. Ukumbi umejaa watu waliokata tiketi kwa sababu bango lina neno Genesis. Yeye anapanda na kufungua na People of the Smoke, kutoka The Circus and the Nightwhale, albamu aliyoitoa Februari mwaka huohuo. Inaanza na sauti za redio ya zamani, mtoto analia, garimoshi linapita, halafu bendi inavamia. Anasimulia utoto wake: alizaliwa Pimlico, ng'ambo ya mto kutoka kituo cha umeme cha Battersea chenye mabomba manne ya moshi, London ya baada ya vita ambako makaa ya mawe yalikuwa yanawachoma watu vifua. Ukiisha huo zinafuata nyingine mbili za albamu hiyohiyo. Tatu mfululizo, bila kuomba radhi! Kisha The Devil's Cathedral ya 2021, ndipo anarudi nyuma: Every Day ya 1979, A Tower Struck Down ya 1975, Camino Royale ya 1983, na anafunga nusu ya kwanza kwa Shadow of the Hierophant. Mpaka hapo hajagusa hata noti moja ya Genesis.

Watu wanakwenda mapumziko. Wakirudi, wanapewa vipande tisa vya The Lamb Lies Down on Broadway kwa ajili ya miaka 50 ya albamu hiyo, halafu Dancing with the Moonlit Knight, Firth of Fifth, na mwisho kabisa Los Endos. Wageni nao wamo, akiwemo Ray Wilson aliyewahi kuiimbia Genesis yenyewe mwishoni mwa miaka ya 90.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Hiyo The Lamb, ambayo leo watu wanaililia kama urithi, ilipotoka Novemba 1974 ilikuwa mzigo mgeni kabisa. Santuri mbili, dakika zaidi ya 90, hadithi ya kijana Rael mwenye asili ya Puerto Rico anayetumbukia chini ya jiji la New York. Bendi ikaamua kuipiga yote jukwaani kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuziweka kando zile walizozoeleka nazo mpaka watakapoitwa tena jukwaani. Ziara ilikuwa ianzie Uingereza, lakini Hackett alibana glasi ya mvinyo mkononi ikapasuka ikamkata kidole gumba vibaya, tarehe zikasogezwa mbele. Wakajikuta wanaanzia Chicago, mbele ya Wamarekani ambao wengi wao hawakuwa wameisikia albamu, maana ndiyo kwanza ilikuwa inatoka. Juu ya jukwaa kulikuwa na skrini tatu na picha zaidi ya elfu moja za kurushwa kwa mashine, na mashine zikawa zinagoma mara kwa mara. Muimbaji wao wa wakati huo, Peter Gabriel, akatokea ndani ya vazi la kiumbe wa hadithi hiyo mwenye manundu mwili mzima, likawa linamzuia kuufikisha mdomo kwenye maikrofoni. Mtu unalipa kiingilio, nyimbo huzijui, muimbaji humsikii.

Wakapiga hivyohivyo mara mia moja na zaidi. Gabriel akajiondoa ziara ilipoisha, 1975.

Kwa hiyo mimi nikimwona mzee leo anawakalisha watu na nyimbo tatu mpya kabla ya kuwapa walichokifuata, naona tabia hiyo anayo tangu zamani, tena sasa ni mpole. Hoja yangu ni kwamba hii ndiyo namna sahihi ya mkongwe kupanda jukwaani: mapya yapate masikio yakiwa bado hayajachoka, na ya zamani yalipie ukumbi. Anayepinga aje na hoja.

---

Punguza Sauti

Mkuu, mimi napinga, na sitazunguka. Genesis ile ilikuwa ya watu watano. Nyimbo nyingi kubwa msingi wake ni kinanda cha Tony Banks na maneno ya Gabriel. Hackett alikuwa pale pembeni amekaa kwenye kiti, ndevu na miwani, haongei na mtu. Leo ndiye anazungusha mabango ya Genesis Revisited dunia nzima. Kama hizo mpya ni kali kiasi hicho, aende nazo peke yake tuone atauza tiketi ngapi.

Mtazame Gabriel. 2023 alizunguka na i/o wakati albamu yenyewe haijatoka, akawa anaachia wimbo mmojammoja kila mwezi ukiwa mpevu. Karibu nusu ya shoo ilikuwa nyimbo mpya, na za Genesis hakupiga hata moja. Anafunga na Biko, watu wanabaki wanaitikia wenyewe huku wanamuziki wanashuka mmojammoja. Huyo ndiye msanii asiyekula akiba.

---

Mpapaso

Punguza Sauti, hoja yako ina uzito, ila kuna mahali umepunguza chumvi mno.

Kwanza, Gabriel anaweza kuziacha za Genesis kwa sababu baada ya kutoka alipata So ya 1986 na nyimbo zake ambazo dunia nzima inazijua. Hizo ndizo za zamani zake, na anazipiga! Hakuna anayeingia uwanjani kwa Gabriel akitoka bila kusikia Sledgehammer. Akiba anayo, ni ya benki nyingine tu.

Pili, kuhusu kukaa pembeni. Jamaa alitoka 1977 kwa sababu nyimbo zake zilikuwa zinakosa nafasi. Inside and Out iliachwa nje ya albamu ya Wind & Wuthering, ikatupwa kwenye kisanturi kidogo. Please Don't Touch bendi haikuitaka, akaenda kuifanya jina la albamu yake ya 1978. Na kabla ya hapo, 1975, Gabriel akiwa ameondoka na hatima ya bendi haijulikani, alikuwa ameshatoa Voyage of the Acolyte. Collins na Mike Rutherford, wenzake wa bendini, wakamsaidia kuirekodi, na ikaingia thelathini bora za Uingereza. Mtu wa aina hiyo humwiti mpiga kiti.

Tatu, na hili ndilo kubwa: wenzake waliuacha ule muziki. Shoo za mwisho za Genesis zilikuwa London Machi 2022, Collins anaimba amekaa kwa sababu ya afya, mwanawe Nic ndiye yuko kwenye dramu. Za miaka ya Gabriel zilipigwa chache, nyingine vipandevipande. Ukitaka kusikia Supper's Ready nzima, karibu dakika 23 bila kukatwa, kutoka kwa mtu aliyekuwepo studio 1972, utakwenda kwa nani mwingine?

---

Dada wa Salford

Habari zenu. Naishi huku kaskazini mwa Uingereza na huyu mzee nilimwona Apollo ya Manchester, Septemba 2021, kwenye ziara ya Seconds Out, ile albamu ya jukwaani ya Genesis ya 1977. Ni shoo ileile waliyoirekodi. Mume wangu ndiye shabiki, mimi nilisindikiza, kwa hiyo nitawapa macho ya mtu ambaye hakwenda kuabudu.

Jambo la kwanza nililoliona: foleni ya choo cha wanaume ilifika hadi kwenye ngazi, ya wanawake hakukuwa na mtu. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo kwenye tamasha lolote maishani. Mvi kila mahali, fulana zilizofifia maandishi, na wazee wawili mbele yetu wanabishana ni nani alipiga dramu kwenye Cinema Show ya Seconds Out. (Ni Bill Bruford, wanasema. Mmoja alikuwa tayari kugombana.)

Kuhusu mapya: niliyoyakumbuka mimi niliporudi nyumbani yalikuwa mapya. The Devil's Cathedral inaanza na Roger King kwenye sauti ya kinanda cha kanisani na Rob Townsend anapuliza saksofoni ndogo, wawili tu, gizani, kama dakika moja na zaidi hivi, na hakuna aliyenyanyuka kwenda baa. Mimi ambaye sikuwa na kumbukumbu yoyote ya 1977 niliikamata hiyo haraka kuliko zile ndefu.

Halafu mnasahau waimbaji. Nad Sylvan, yule Mswidi mwenye nywele za dhahabu na makoti ya kifalme, yupo naye tangu 2013. Mume wangu alikuwa anamponda miaka yote kwa sababu si Gabriel na si Collins. Usiku ule Afterglow ilipofika mwisho niligeuka nikamkuta analia. Nikamwuliza vipi, akasema ni vumbi la ukumbi.

---

Gitaa Kavu

Mimi nipo kwa ajili ya Firth of Fifth tu. Mengine mtabishana nyie.

Kwa wasiopiga: ile solo haikuzaliwa kwenye gitaa. Banks aliitunga kwenye piano, Gabriel akaipuliza kwa filimbi katikati ya wimbo, fupi, laini. Halafu baadaye Hackett anaichukua sauti ileile na kuivuta taratibu sana, dakika karibu tatu. Haongezi mbio. Wapiga solo wengi wakipewa dakika tatu wanamwaga kila walichojifunza. Yeye anashika noti moja ya juu na kuining'iniza mpaka unajiuliza itakatika lini, anateremka hatua moja, anasubiri.

Mwaka 1973 noti kama hiyo haikuwa rahisi. Alikuwa na gitaa la Les Paul, kisanduku cha kukwaruza sauti, pedali ya sauti mguuni ili noti iingie bila kusikika uzi unapopigwa, na spika kubwa ya kumrudishia mtetemo kwenye nyuzi. Kila ukumbi una tabia yake, noti inayoimba leo kesho inakoroma. Siku hizi gitaa zake zina kile kifaa cha Fernandes kinachousukuma uzi kwa sumaku uendelee kutetemeka. Anaweza kuishika mpaka aamue mwenyewe. Ndiyo maana nawaambia, na mtanipiga mawe: Firth of Fifth anayoipiga sasa ni bora kuliko ya kwenye santuri. Ameipiga nusu karne, anajua kila pumzi ya kuvuta.

Na ule utangulizi wa piano, ambao kuna vipimo vya mapigo 13 na 15 humo ndani, Banks mwenyewe aliacha kuupiga jukwaani miaka ileile, kwa sababu kinanda chake cha umeme cha wakati huo kilikuwa hakijui kugusa kwa nguvu au kwa upole. Bendi ya Hackett inaupiga mzima. Sasa nani anakula akiba na nani anailipa?

Halafu mtu aseme alikuwa amekaa tu. Sikilizeni The Return of the Giant Hogweed ya 1971, pale mwanzo. Anagonga nyuzi kwenye shingo ya gitaa kwa vidole vya mkono wa kulia. Siyo wa kwanza duniani, lakini albamu ya kwanza ya Van Halen, iliyowafanya vijana wote wagonge hivyo, ni ya 1978.

---

Punguza Sauti

Gitaa Kavu umenifunga bao moja. Moja tu.

Lakini bado: kama ni mahiri hivyo, kwa nini kila mwaka ziara ni miaka 50 ya kitu fulani? Albamu ya Foxtrot miaka 50. The Lamb miaka 50. Selling England nzima 2019. Seconds Out 2021. Hii ni kalenda ya maulidi.

---

Bendi ya Hotelini

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi si mtaalamu wa hao Waingereza, ila nimepiga gita la rizim kwenye hoteli za Pwani yetu, Mombasa mpaka Diani, na hili suala la jipya na la zamani ndilo lililokuwa likitulisha.

Mgeni akishuka kwenye basi anataka Jambo Bwana. Akimaliza kula anataka Malaika. Usipompigia anakwenda kumwambia meneja bendi haifai. Nyinyi mna nyimbo zenu, mmezifanyia mazoezi, mna mtunzi mzuri kabisa, mtampenyezea wapi? Sisi tulikuwa tunazichomeka katikati: moja wanayoijua, yetu, moja wanayoijua. Na ya kwetu tunaianza papo hapo, mpiga dramu asiinue mikono, ili mtu asipate nafasi ya kurudi kiti chake. Ukinyamaza sekunde kumi kabla ya wimbo mgeni, umewapoteza.

Kwa hiyo huyo mzee kunishangaza mimi ni pale anapoziweka zote mwanzo, wazi, bila kuzificha. Hiyo ni kujiamini. Au ni kwamba watu wake wanakaa kwenye viti na hawachezi! Mtu aliyekaa ana subira. Mtu wa dansi akisikia kitu asichokijua miguu inamwambia mara moja.

Nyinyi wa Dar mnalijua hili kwa Msondo na Sikinde. Watu wanaingia ukumbini kusikia za enzi zao, na ukiwapigia mpya wanaagiza bia.

---

Mpapaso

@Bendi ya Hotelini aleikum salaam kaka. Hilo la viti umenena. Roki progresivu ilikusudiwa kusikilizwa umekaa, na Hackett mwenyewe alikuwa amekaa! Lakini urefu wa nyimbo usitutishe, sisi tumekua na nyimbo za Franco zinazojaza upande mzima wa santuri. Tofauti ni kwamba kwa Franco sehemu moja inageuzwageuzwa mpaka inakolea, kwa hawa kila dakika tatu unahamishiwa nyumba nyingine.

Punguza Sauti, kuhusu kalenda: kati ya hizo sherehe mzee ametoa Wolflight 2015, The Night Siren 2017, At the Edge of Light 2019, mbili 2021 (moja ya gitaa kavu na okestra, moja ya umeme), na hiyo ya 2024. The Night Siren kamchukua Kobi Farhi wa Israeli na Mira Awad ambaye ni Mpalestina wakaimba pamoja, kuna mpiga tar, ala ya nyuzi, wa Azerbaijani pia. Hizi si albamu za mtu anayesubiri maadhimisho. Maadhimisho yanamlipia studio, mimi naona hivyo.

---

Baharia Mstaafu

Wanangu, nimewasoma kimya tangu asubuhi.

Nilikuwa baharia miaka ya 70, na Seconds Out niliinunua Liverpool ikiwa mpya, santuri mbili. Bado ninazo, moja ina mkwaruzo wa kijukuu. Kwa hiyo niacheni niseme lisilopendeza: mpya za huyu bwana ni nzuri, za zamani anazipiga vizuri mno, na hilo la vizuri mno ndilo linalonikera.

Chukua Watcher of the Skies. Ule mwanzo wa kutisha ni Mellotron. Kile kinanda ndani yake kila kitufe kina utepe wake wa kanda, kama vile wa kaseti lakini mpana, umerekodiwa watu wanapiga fidla. Ukibonyeza, utepe unavutwa unapita kwenye kichwa cha kusomea. Urefu wake ni sekunde nane hivi, zikiisha sauti inakatika, unyanyue kidole springi iurudishe. Kikipata joto kinayumba, kikihamishwa kwa lori kinaugua. Ile sauti inayopepesuka kidogo, kama watu wa mbali wana homa, ilitokana na hayo matatizo. Sasa hivi inatoka kwenye kompyuta, safi, haichoki baada ya sekunde nane. Vidole ni hodari, ila hofu imekwisha.

Na saksofoni! Pale ambapo Banks alikuwa na sinthesaiza ama filimbi ya Gabriel, Townsend anaingiza saksofoni, na I Know What I Like inageuka jazi ya dakika nyingi. Kijana anapuliza vizuri, sikatai. Mimi sikuja kwa ajili ya jazi.

---

Mpapaso

Shikamoo mzee wangu. Karibu sana, uzi sasa umepata mwenyewe.

Naomba nikupinge kwa adabu. Hiyo saksofoni ndiyo inayonionyesha kwamba muziki haujakaushwa. Angetaka kunakili, zipo bendi za kuiga Genesis zenye mavazi ya maua na kichwa cha mbweha kilekile alichovaa Gabriel pale Dublin 1972 na gauni jekundu la mkewe. Hizo zinanakili hadi taa. Hackett hajawahi kuvaa mavazi ya maigizo, anasimama na nguo nyeusi na skafu, anaacha watu wake wapulize wanavyosikia wao. Wewe unataka Mellotron iyumbe na pia unataka wimbo usibadilike. Mzee, chagua kimoja.

---

Baharia Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Nachagua Mellotron.

---

Dada wa Salford

Nimecheka hadi watoto wameamka 😂

Ila mzee ana hoja kuhusu usafi. Nilimwuliza mume wangu, anasema kwenye The Lamb ya sasa hakuna hata slaidi moja iliyokwama, na kwamba kuna watu wanaikumbuka ile ya 1975 kwa sababu ya kukwama. Mimi nikamwambia kwa bei ya tiketi za siku hizi nataka kila kitu kiwake.

---

Gitaa Kavu

Kuna kitu hakijatajwa. Katikati ya kelele zote hizo huwa anabaki na gitaa la nyuzi za nailoni peke yake, na mara nyingi ni Horizons, dakika moja na nusu hivi. Ilirekodiwa 1972, imekaa kabla ya Supper's Ready kwenye Foxtrot, na mwanzo wake umekopa kutoka kwa Bach, ile ya selo ya kwanza, utangulizi. Vijana wangu ninaowafundisha gitaa nawapa hiyo kwanza. Ni fupi, lakini ina ile sehemu ya noti za kengele ambapo kidole kinagusa uzi bila kuukandamiza, na hapo ndipo wanapojulikana nani amefanya mazoezi.

Mtu anayeweza kuunyamazisha ukumbi wa maelfu kwa dakika moja na nusu ya gitaa kavu, baada ya saa nzima ya umeme, mwacheni aadhimishe chochote anachotaka.

---

Punguza Sauti

Sawa. Nimeshindwa kwa wingi wa watu, siyo kwa hoja 😅. Msimamo wangu uko palepale: ningependa aje siku moja na usiku mzima wa kazi zake, bango lisiandike Genesis popote. Voyage of the Acolyte mwanzo mpaka mwisho, Spectral Mornings mwanzo mpaka mwisho, halafu hiyo ya 2024. Wakija mia tano, watakuwa mia tano wake.

Ila kwa kuwa mmenichokoza nimeanza Supper's Ready usiku huu. Nimefika ile sehemu ya kuelekea mwisho ambapo kinanda kinakimbia peke yake na dramu zinapiga kitu kingine kabisa. Naomba msaada, inahesabiwaje? Kila nikifika nne napotea.

---

Gitaa Kavu

Hiyo ni tisa, mkuu, jina lenyewe la kipande linasema: Apocalypse in 9/8. Besi na dramu wanaigawa tatu, mbili, nne. Hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili-tatu-nne, rudia. Usimfuate Banks, yeye anatembea juu yake anavyotaka, mara anakwenda nao, mara anawakata, na hicho ndicho kinachokupoteza. Kaza sikio kwenye besi tu. Ukiishika, subiri kinanda kikifika kilele na sauti ya Gabriel iingie, utajua kwa nini mzee Baharia hataki watu waguse kitu.

Ukishaielewa, tafuta ya Hackett ya Brighton, Foxtrot at Fifty, iliyotoka 2023. Craig Blundell yupo kwenye dramu na Jonas Reingold kwenye besi, ni wazi zaidi kusikia mgawanyo.

---

Punguza Sauti

Nimeijaribu asubuhi hii kwenye daladala, naigonga gotini. Tatu, mbili, nne. Konda kaniuliza kama nahesabu chenji yake.